Nadharia maalumu ya uhusianifu: kwa nini ulimwengu hauna saa moja

Kila tunapotangaza saa kabla ya taarifa ya habari, hatuna budi kuitaja mara mbili. Ikiwa ni saa moja kamili ya asubuhi mjini Bujumbura, Kigali na Lubumbashi, ni saa mbili kamili mjini Kigoma, Kampala na Nairobi. Msafiri anayevuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Tanzania husogeza mishale ya saa yake mbele kwa saa nzima, ingawa amepiga hatua chache tu juu ya mto Kagera. Hakuna anayeshangaa. Sote twajua kwamba tofauti hiyo ni mapatano ya serikali, na kwamba huku na ng'ambo sekunde hupita sawasawa.

Mwaka 1905, kijana wa miaka 26 aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi, akikagua maombi ya watu waliotaka kulinda uvumbuzi wao, alionyesha kwamba imani hiyo ya mwisho si kweli. Sekunde hazipiti sawasawa kwa wote. Saa mbili nzuri, zilizotengenezwa na fundi mmoja na kutegwa pamoja, zaweza kuachana na kukutana tena zikiwa zimehesabu muda tofauti, na zote mbili zikawa sahihi. Kijana huyo ni Albert Einstein, na fundisho lake huitwa nadharia maalumu ya uhusianifu. Limeitwa maalumu kwa sababu linaacha kando nguvu ya uvutano wa dunia na nyota. Hiyo aliishughulikia miaka kumi baadaye, mwaka 1915, katika nadharia ya jumla.

Wengi wameisikia nadharia hii kwa jina tu, wakaambiwa kwamba ni watu wachache mno duniani wanaoielewa. Hilo ni kuitia chumvi. Hesabu yake ya msingi haizidi ile ya pembetatu inayofundishwa shule ya sekondari. Kinachotatiza ni kwamba inatutaka tuache jambo ambalo hatukujua kama tulikuwa tunaliamini.

Ndani ya meli iliyotulia

Nguzo ya kwanza ya nadharia hii si ya Einstein. Ni ya Galileo Galilei wa Italia, aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1632. Alimtaka msomaji ajifungie katika chumba cha chini ya sitaha ya meli kubwa, akiwa na vipepeo wachache, bakuli lenye samaki, na chupa inayodondosha maji tone kwa tone. Meli ikiwa imetia nanga, vipepeo huruka kila upande kwa urahisi uleule, samaki huogelea watakako, na matone huanguka wima. Kisha meli ing'oe nanga na kwenda kwa kasi yoyote, mradi isiyumbe wala isibadili mwendo. Chumbani hakitabadilika kitu. Matone yataendelea kuanguka palepale.

Aliyewahi kulala melini katika Ziwa Tanganyika usiku wa shwari anaijua hali hiyo. Ukiamka gizani, mtikisiko wa injini waweza kukuambia kwamba mashine inafanya kazi, lakini hakuna jaribio lolote utakalofanya kitandani likakuambia kama meli inakwenda au imesimama. Lazima uchungulie dirishani uone taa za pwani, na hata hapo unachokiona ni kwamba wewe na pwani mnapishana. Mwendo ulionyooka na usiobadilika hauna maana peke yake. Una maana kwa kulinganishwa na kitu kingine. Huo ndio uhusianifu wenyewe.

Kutokana na hayo ilipatikana kanuni iliyoonekana haina shaka, ya kujumlisha kasi. Meli ikienda kilomita 20 kwa saa, na abiria akitembea kuelekea omo kwa kilomita 5 kwa saa, mvuvi aliye ufukweni atasema kwamba abiria huyo anakwenda kilomita 25 kwa saa. Kwa zaidi ya miaka 200 kanuni hiyo haikumwangusha mtu.

Nuru haikubali kujumlishwa

Shida ilianzia kwenye nuru. Katika miaka ya 1860, mwanafizikia James Clerk Maxwell wa Scotland aliandika kanuni za umeme na sumaku, akagundua kwamba kanuni hizo zinaruhusu mawimbi ya umeme na sumaku kusafiri, na kwamba kasi yake inalingana na kasi ya nuru. Akahitimisha kwamba nuru yenyewe ni mawimbi ya aina hiyo. Mawimbi ya redio yanayokufikishia sauti zetu ni ndugu zake, na yana kasi ileile: kwa hesabu ya leo, mita 299,792,458 kwa sekunde. Mtu aliye kilomita 300 kutoka kwenye mtambo wetu hutusikia baada ya elfu moja ya sekunde.

Lakini hiyo ni kasi ya kulinganishwa na nini? Kanuni za Maxwell hazikusema. Wanasayansi wa wakati huo walidhani kwamba anga yote imejaa kitu chepesi mno, walichokiita etha, na kwamba nuru husafiri ndani yake kama mawimbi yanavyosafiri majini. Ikiwa ndivyo, basi dunia, ambayo huzunguka jua kwa kasi ya takriban kilomita 30 kwa sekunde, inaikata etha hiyo kama mtumbwi unavyokata maji, na nuru inayokwenda upande wa mwendo wa dunia ingepaswa kuonekana na kasi tofauti na ile inayokwenda upande mwingine.

Mwaka 1887, Albert Michelson na Edward Morley walipima jambo hilo mjini Cleveland, Marekani. Walivifunga vioo vyao juu ya bamba kubwa la jiwe lililoelea katika zebaki ili liweze kuzungushwa bila kutikisika. Walilizungusha, wakapima tena na tena. Hawakuipata tofauti waliyoitarajia. Ni miongoni mwa majaribio machache katika historia ambayo umaarufu wake umetokana na kutoona kitu.

Wengine walitafuta njia ya kuiokoa etha. Einstein aliiacha. Katika makala aliyoyapeleka kwa jarida moja la fizikia la Ujerumani mwezi Juni 1905, ambayo hayakutaja marejeo ya vitabu hata kimoja na yalimshukuru kwa jina rafiki mmoja tu, Michele Besso, alianza na kauli mbili. Ya kwanza ni ile ya Galileo, ila sasa inahusu fizikia yote, nuru ikiwamo: kanuni za maumbile ni zilezile kwa kila anayekwenda kwa mwendo ulionyooka usiobadilika. Ya pili ni kwamba kasi ya nuru katika anga tupu ni ileile, hata kama kitu kinachoitoa kinakwenda.

Kila kauli ikisimama peke yake inaonekana ya kawaida. Ziunganishe. Mtu anayeikimbiza nuru kwa nusu ya kasi yake ataiona ikimwacha kwa kasi gani? Kanuni ya meli yasema nusu. Einstein anasema: kwa kasi yake kamili, kana kwamba mtu huyo amesimama. Na anayeikimbilia nuru hukutana nayo kwa kasi ileile pia. Kasi ni umbali kugawanywa kwa muda. Ikiwa kasi hiyo inakataa kubadilika, basi umbali na muda ndivyo vitakavyobadilika.

Basi lenye kasi isiyovumilika

Tuchukue basi refu lenye dari ya mita 4, na tulipe kasi ambayo askari wa barabarani yeyote angelipigia filimbi: thuluthi mbili kasoro kidogo za kasi ya nuru, au kwa usahihi tatu ya tano, yaani kilomita 180,000 hivi kila sekunde. Sakafuni kuna taa. Darini, wima juu ya taa hiyo, kuna kifaa cha kupokea mmweko wake. Taa inamweka mara moja, nuru inapanda, kifaa kinaipokea.

Kwa abiria aliyekaa ndani, mambo ni rahisi: nuru imekwenda mita 4 moja kwa moja juu.

Sasa tumuulize mama anayeuza ndizi kando ya barabara, ambaye basi hilo linampita. Naye ameona mmweko uleule ukitoka sakafuni na kufika darini, lakini wakati nuru inapanda, basi lilikuwa linasonga mbele. Kwake, nuru haikupanda wima, ilipanda mshazari. Kwa kasi tuliyoichagua, basi limesogea mita 3 kabla nuru haijafika darini. Kupanda mita 4 na kusogea mita 3 ni kusafiri mita 5 kwa mshazari. Fundi mwashi halihitaji karatasi hapa: ni kamba ya 3, 4, 5 anayoitumia kupata pembe mraba ya msingi wa nyumba. Kimo cha dari hakina mgogoro, kwa sababu mwendo hauathiri vipimo vya upande usioelekea mwendo huo.

Zamani tungesema kwamba muda ni mmoja, hivyo kwa muuza ndizi nuru ilikwenda kasi zaidi, ikipata msukumo wa basi. Lakini kauli ya pili ya Einstein imetunyima jibu hilo. Kasi ni ileile kwa wote wawili. Nuru huhitaji takriban sehemu 13 za bilioni ya sekunde kwenda mita 4, na takriban sehemu 17 kwenda mita 5. Kati ya matukio mawili yaleyale, kumweka kwa taa na kupokelewa kwa nuru, umepita muda wa 4 kwa abiria na muda wa 5 kwa muuza ndizi.

Hapa ndipo msikilizaji makini huuliza: je, si saa hiyo ya nuru tu iliyokosea? Labda saa ya mkononi ya abiria inakwenda kama kawaida. Haiwezekani, na sababu yake ni vipepeo vya Galileo. Kama saa ya mkononi, au mapigo ya moyo, au kuiva kwa ndizi aliyoinunua, vingeachana na saa ya nuru ndani ya basi, abiria angeweza kuvilinganisha na kutambua kwamba anasafiri bila kuchungulia nje. Kauli ya kwanza inakataza hilo. Kwa hiyo vyote hupungua mwendo pamoja, na abiria hahisi lolote. Si saa iliyochelewa. Ni muda wenyewe uliopita kidogo.

Vipimo vya urefu navyo havinusuriki. Basi ambalo abiria amelipima na kupata mita 15 kutoka mbele hadi nyuma, muuza ndizi atalipima linapopita na kupata mita 12.

Mbona hatujawahi kuyaona haya? Kwa sababu mabasi yetu ni ya taratibu mno. Dereva anayekwenda kilomita 100 kwa saa usiku na mchana kwa miaka 70 bila kushuka angekuwa amezeeka pungufu ya wenzake waliobaki nyumbani kwa muda usiofika sehemu 10 za milioni ya sekunde.

Neno "sasa"

Lililo gumu zaidi halijafika. Abiria naye ana haki ya kusema kwamba yeye ndiye aliyesimama na barabara ndiyo inayokwenda nyuma, na akipima atakuta saa ya muuza ndizi ndiyo inayochelewa. Kila mmoja anasema saa ya mwenzake inachelewa. Hapo watu wengi hufunga kitabu, nasi hatuwalaumu.

Einstein alikuwa ameliona jambo hilo, na jibu lake, kwa maoni yetu, ndilo kiini cha nadharia yote. Tuseme radi mbili zinapiga gari moshi linalopita stesheni, moja mbele na moja nyuma. Mtu aliyesimama jukwaani, katikati kabisa ya alama mbili za radi, anaona mimweko yote miwili kwa pamoja. Kwa kuwa umbali ni sawa, anasema kwa haki kwamba radi zilipiga wakati mmoja. Lakini abiria aliyekaa katikati ya gari moshi anakwenda kuukuta mmweko wa mbele na anaukimbia ule wa nyuma; wa mbele utamfikia kwanza. Naye anajua kwamba yuko katikati ya gari moshi, na kwamba nuru hukwenda kwa kasi moja kila upande. Kwa haki ileile anasema: radi ya mbele ilitangulia.

Nani mkweli? Wote. Matukio yaliyo mbali moja na jingine hayana "wakati mmoja" unaowafunga watu wote. Na kwa kuwa kulinganisha saa mbili zinazopishana kunahitaji kujua nyingine ile inasoma nini "sasa hivi" kule iliko, watu wawili wasiokubaliana juu ya "sasa" wanaweza kila mmoja kumwona mwenzake anachelewa bila yeyote kusema uongo.

Ndiyo maana tunasikitika kila tunaposikia nadharia hii ikitajwa kuthibitisha kwamba kila jambo duniani hutegemea mtazamo wa mtu. Haisemi hivyo. Rudi kwenye basi. Muuza ndizi amepima muda wa 5 na mwendo wa 3. Zidisha kila moja kwa yenyewe, utoe: 25 kasoro 9 ni 16. Abiria amepima muda wa 4, na kwake kifaa na taa havikusogea hata kidogo: 16 kasoro sifuri ni 16. Msafiri wa tatu, kwa kasi yoyote, atapata vipimo vyake mwenyewe, lakini akifanya hesabu hiyo naye atapata 16. Hermann Minkowski, aliyewahi kumfundisha Einstein hesabu mjini Zürich, alieleza mwaka 1908 kwamba kinachodumu si muda wala umbali peke yake bali muungano wa vyote viwili. Wala chanzo hakiwezi kubadilishana nafasi na matokeo: hakuna mtazamaji atakayeona mtoto akizaliwa kabla ya mama yake.

Kurwa na Doto

Wawe pacha, Kurwa na Doto, au Bukuru na Butoyi kwa wasikilizaji wetu wa Burundi. Kurwa anabaki nyumbani. Doto anapanda chombo kinachokwenda kwa kasi ya basi letu, tatu ya tano ya kasi ya nuru, hadi nyota iliyo mbali kiasi kwamba nuru huifikia kwa miaka 6. Anafika, anageuza chombo, anarudi.

Kwa Kurwa, safari ya kwenda ni miaka 10 na ya kurudi miaka 10. Amesubiri miaka 20. Kwa Doto, muda ni nne ya tano ya huo: miaka 16. Wakikumbatiana uwanjani, Doto ni mdogo kwa miaka minne kuliko pacha wake, si kwa hesabu ya karatasi bali kwa mvi, kwa meno, kwa idadi ya Ramadhani au Krismasi alizoziadhimisha. Doto mwenyewe ataeleza kwamba hakuona saa yake ikichelewa. Aliona njia ndiyo iliyofupika, ikawa nne ya tano ya ilivyokuwa, hivyo akafika kwa miaka 8.

Je, Doto hawezi kusema kwamba yeye ndiye aliyekaa na Kurwa ndiye aliyesafiri? Hapana, kwa sababu aligeuka. Alipogeuza chombo alisukumwa kitini kama abiria wa basi lililofunga breki, vikombe vikamwagika. Kurwa hakumwaga chai. Kanuni ya Galileo inawahusu wanaokwenda bila kubadili mwendo, na Doto aliubadili.

Waliopima

Hakuna binadamu aliyewahi kusafiri kwa kasi hiyo, lakini chembe ndogo husafiri hivyo kila wakati. Miale itokayo angani inapoligonga anga la dunia, kwenye kimo cha kilomita 15 hivi, huzalisha chembe ziitwazo muoni. Muoni iliyotulia huishi kwa wastani wa sehemu 2.2 za milioni ya sekunde kabla ya kuvunjika. Hata ikikimbia karibu na kasi ya nuru, muda huo unaitosha kwenda mita 660 au hivyo. Nyingi zingepaswa kufia juu kabisa. Hata hivyo, ukikunjua kiganja chako, takriban muoni moja hukipenya kila sekunde. Zinafika kwa sababu kwetu sisi saa yao inakwenda polepole. Bruno Rossi na David Hall walilipima jambo hilo katika milima ya Colorado na kutangaza matokeo yao mwaka 1941.

Mwezi Oktoba 1971, Joseph Hafele na Richard Keating walipakia saa za atomi katika ndege za kawaida za abiria, wakaizunguka dunia mara moja kuelekea mashariki na mara moja kuelekea magharibi. Waliporudi walizilinganisha na saa zilizobaki Washington. Zilizokwenda mashariki zilikuwa nyuma kwa sehemu 59 hivi za bilioni ya sekunde. Zilizokwenda magharibi zilikuwa mbele kwa sehemu 273 hivi. Tofauti hizo huchanganya athari mbili, ya mwendo na ya uvutano unaopungua juu angani, na zilikubaliana na utabiri wa nadharia zote mbili za Einstein.

Jaribio lililo karibu nawe zaidi liko mfukoni mwako. Simu inapokuonyesha ulipo, inasikiliza setilaiti zinazozunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 kwa kasi ya karibu kilomita 4 kwa sekunde, kila moja ikitangaza saa. Simu hupiga hesabu ya umbali kutokana na muda ambao mawimbi yametumia njiani. Kwa sababu ya mwendo wao, saa hizo huchelewa sehemu 7 za milioni ya sekunde kila siku. Kwa sababu ya uvutano hafifu huko juu, huwahi kwa sehemu 45. Tofauti ni 38. Ni muda mdogo, ila katika muda huo nuru husafiri zaidi ya kilomita 11.

Wamarekani walipoandaa mfumo huo si wahandisi wote walioamini. Setilaiti ya majaribio NTS-2, iliyorushwa Juni 1977, ilipewa kifaa cha kusahihisha mwendo wa saa, lakini kifaa hicho kiliachwa kimezimwa kwa siku 20 za mwanzo ili waone. Saa ikakimbia karibu kabisa kama nadharia ilivyosema. Kifaa kikawashwa.

Kutoka Bern hadi Katanga

Mwezi Septemba 1905 Einstein alipeleka makala mafupi ya nyongeza. Humo alionyesha kwamba kitu kinachotoa nishati hupungua tungamo, yaani kiasi cha maada yake. Leo huandikwa E=mc²: nishati ni tungamo mara kasi ya nuru, mara kasi ya nuru tena. Kwa kuwa kasi hiyo ni kubwa, tungamo kidogo ni nishati nyingi mno. Gramu moja, uzito wa kijiko kidogo kisichojaa sukari, ikigeuka yote kuwa nishati ingetoa umeme wa uniti milioni 25. Jua hutuangazia kwa kupoteza zaidi ya tani milioni 4 kila sekunde.

Uhusiano huohuo ndio unaozuia kitu chochote chenye tungamo kuifikia kasi ya nuru: kila unapokisukuma, nishati unayokiongezea hukipa kasi kidogo zaidi na uzito wa kusukumika zaidi. Katika mtambo wa kilomita 27 ulio chini ya ardhi karibu na Geneva, protoni husukumwa hadi zinabakiza takriban mita 3 kwa sekunde zifikie kasi ya nuru. Mita hizo 3 hazitamalizika, hata wajenge mtambo mkubwa wa namna gani.

Kwa miaka zaidi ya 30 kanuni hiyo ilibaki ya vitabuni. Mwishoni mwa 1938, Otto Hahn na Fritz Strassmann mjini Berlin walipata dalili kwamba kiini cha atomi ya urani kinaweza kupasuka. Mwenzao Lise Meitner, aliyekuwa ameikimbia Ujerumani ya Hitler, alikaa na mpwa wake Otto Frisch huko Sweden siku za Krismasi wakapiga hesabu: vipande vilikuwa na tungamo pungufu kidogo ya kiini kizima, na upungufu huo, ukizidishwa kwa kanuni ya Einstein, ulilingana na nishati iliyotoka.

Tarehe 2 Agosti 1939, Einstein alitia sahihi barua kwa Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, iliyoandaliwa hasa na Leo Szilard, akimtahadharisha kwamba bomu la aina mpya linawezekana. Barua hiyo iliitaja nchi jirani yetu kwa jina: chanzo muhimu kuliko vyote cha urani, ilisema, kiko Kongo ya Wabelgiji. Mahali penyewe ni Shinkolobwe, Katanga, karibu na mji uitwao leo Likasi, ambako mawe yalikuwa na urani nyingi kuliko karibu kokote duniani. Kufikia mwisho wa 1940, mkurugenzi wa kampuni ya Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa amekwisha kupeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi ghalani New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani liliyanunua. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa bomu ilitoka Kongo.

Einstein hakushiriki kulitengeneza bomu, na kanuni yake haielezi namna ya kulitengeneza. Inaeleza tu ukubwa wa nishati iliyomo. Katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 kulikuwa na urani ya kilo 64 hivi. Tungamo lililogeuka kuwa nishati halikufika gramu moja.

Wachimbaji wa Katanga walioyatoa mawe hayo hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini. Baada ya vita machimbo yaliendelea kwa miaka kadhaa, kisha yakafungwa, lakini wachimbaji wadogo walirudi kutafuta kobalti. Serikali ya Kongo ilipiga marufuku uchimbaji huo mwanzoni mwa 2004. Mwezi Julai mwaka huohuo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuwaua watu kadhaa waliokuwa bado wanachimba humo.